BMI inapokosea: mwongozo kamili wa kupima mwili na kuisoma namba kwa watu wa Kigoma

Kwenye ukuta wa chumba nilichokuwa napimia watu Ujiji palibandikwa bango la rangi tatu. Chini ya 18.5, njano. Kuanzia 18.5 hadi 24.9, kijani. 25 kwenda juu, nyekundu. Mtu akishuka kwenye mizani, nilikuwa nakokotoa BMI yake, yaani uzito ukilinganishwa na urefu, natazama ukutani, namwambia rangi yake. Kazi ilikuwa nyepesi kweli.

Ndani ya mwezi mmoja wakapita mbele ya bango lile wanaume watatu ambao sijawasahau. Wa kwanza kuli wa Kibirizi, mbeba magunia ya dagaa: sentimita 172, kilo 80, BMI 27. Nyekundu. Wa pili mwenye duka la vitambaa, babu yake alitoka Gujarat: sentimita 170, kilo 69, BMI 23.9. Kijani. Wa tatu mfugaji wa Uvinza, mrefu kama mchikichi: sentimita 182, kilo 58, BMI 17.5. Njano. Kuli nikamwambia apunguze ugali, mwenye duka nikampongeza, mfugaji nikamwandikia utapiamlo.

Wote watatu niliwakosea. Mwenye duka ndiye alinirudia baada ya miezi minane, ana kiu isiyokatika na usiku haamki chini ya mara nne kwenda haja ndogo. Kisukari. Hakunilaumu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Haya ninayoandika ni kwa muuguzi wa zahanati, mhudumu wa afya ngazi ya jamii, na yeyote mwenye mizani nyumbani na jirani fundi cherehani wa kumwazima futi.

Kwanza ujue namba hii ilitoka wapi

Kanuni ya kugawa uzito kwa urefu uliozidishwa kwa wenyewe ilibuniwa miaka ya 1830 na Mbelgiji Adolphe Quetelet. Hakuwa daktari. Alikuwa mtu wa hesabu na takwimu akimtafuta "mtu wa wastani", na watu aliowatazama walikuwa Wazungu. Mwaka 1972 Mmarekani Ancel Keys na wenzake wakaichukua kanuni hiyo, wakaijaribu kwa wanaume zaidi ya 7,000 wa nchi tano, wakaipa jina tunalolijua leo. Wanaume tu, mama zetu hawakuwamo.

Mipaka nayo ina historia yake. Marekani hadi mwaka 1998 mwanaume alihesabiwa kuwa na uzito uliozidi akifika 27.8 na mwanamke 27.3. Mwaka huo wakashusha hadi 25 kwa wote, na mamilioni ya watu waliolala wakiwa wa kawaida wakaamka wanene bila kuongeza hata gramu. Simaanishi walikosea. Nataka uone kwamba mpaka huchorwa na watu, wakiangalia ni wapi magonjwa yanaanza kupanda. Kama kwa jamii fulani kisukari kinaanza kupanda mapema, mpaka wake haufai kukaa pale ulipo wa jirani.

Kwa nini kisukari kianze kupanda mapema? Mizani inapima nyama, mifupa, maji na mafuta kwa pamoja, haijui kutofautisha. Mwaka 2004 madaktari wawili, Yajnik wa India na Yudkin wa Uingereza, walichapisha picha yao wakiwa wamesimama pamoja. BMI yao ilikuwa sawa kabisa, 22.3. Walipopimwa mafuta, Yudkin alikuwa na asilimia 9.1, Yajnik asilimia 21.2. Mafuta kama hayo ya Yajnik hujificha tumboni, kuzunguka ini na utumbo, na ndiyo yanayosumbua sukari na presha. Laiti ningeiona picha hiyo kabla ya kumpongeza mwenye duka.

Hatua ya 1: Watoe wasiohusika

Mjamzito hapimwi kwa BMI ya siku hiyo. Vilevile aliyevimba miguu au mwenye maji tumboni, maana utakuwa unapima maji. Wenye umri wa miaka 5 hadi 19 wana chati zao za BMI kwa umri, zilizotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2007. Mipaka ya 18.5 na 25 usiwaguse nayo. Walio chini ya miaka mitano wana kadi ya kliniki na utepe wa mkono, ambapo kuanzia miezi 6, chini ya sentimita 12.5 ni hatari na chini ya 11.5 ni hatari kubwa.

Hatua ya 2: Pima kama fundi, usikisie

Kabla ya kubishana kuhusu mipaka ya Wazungu na Waafrika, tazama kwanza kama namba yako yenyewe ni ya kweli. Makosa mengi niliyoyaona hayakutoka Ulaya, yalitoka kwenye kilemba.

Mama mmoja wa Mwanga alipanda ubaoni amejifunga kilemba kizuri juu ya nywele za kusuka. Nikateremsha kibao, nikasoma 158. Uzito kilo 62. BMI 24.8, kijani. Akataka kuondoka. Nikamwambia, "Samahani mama, nisaidie kilemba." Akacheka, akakifungua, nikapapasa mpaka kibao kikagusa ngozi ya kichwa katikati ya mistari ya nywele: 156. Kilo zilezile 62, BMI sasa 25.5. Sentimita mbili za kitambaa na nywele zilimhamisha rangi.

Basi fanya hivi. Mizani iweke kwenye sakafu ngumu. Juu ya mkeka au zulia inadanganya. Ijaribu kila wiki: panda mwenyewe, soma, kisha panda umebeba mfuko wa unga wa kilo 25 ambao haujafunguliwa. Tofauti isipokaribia 25, mizani hiyo si ya kuaminiwa. Mtu avue viatu, koti, atoe simu na funguo mfukoni. Kanga ya pili aiweke pembeni.

Kwa urefu, kama hakuna ubao, bandika futi ukutani kuanzia sakafuni, mtu asimame visigino, makalio na mabega vikigusa ukuta, atazame mbele sawa, kisha laza kitabu kigumu kichwani kikiwa kimeegemea ukuta. Pima mara mbili. Zikitofautiana zaidi ya nusu sentimita, pima ya tatu.

Mzee aliyepinda mgongo ni shida. Wapo wanaotumia upana wa mikono iliyonyooshwa badala ya urefu, lakini kwa Waafrika wengi mikono iliyonyooshwa huzidi urefu, kwa hiyo BMI itatoka ndogo kuliko ilivyo. Kwa bibi wa namna hiyo mimi huacha BMI na kufuatilia uzito peke yake, mwezi hadi mwezi.

Hatua ya 3: Kokotoa

Urefu kwa mita, uzidishe kwa wenyewe, kisha gawa uzito kwa jibu hilo. Mama wa Mwanga: 1.56 × 1.56 = 2.43, 62 ÷ 2.43 = 25.5. Simu ya batani inatosha. Andika namba moja baada ya nukta, usiikate kuwa 25.

Hatua ya 4: Futi kiunoni, na kamba kwa asiye na futi

Hapa ndipo ningekupa muda wako wote kama ungekuwa mdogo.

Kiuno cha kipimo hakipo pale suruali inapokaa. Tafuta kwa kidole ubavu wa mwisho, kisha juu ya mfupa wa nyonga. Katikati yao ndipo futi ipite. Izungushe ikiwa sambamba na sakafu, ilale kwenye ngozi bila kubana. Mwambie apumue kawaida, soma anapomaliza kutoa pumzi. Wanaume huvuta tumbo ndani bila hata kujijua. Msemeshe habari za Simba na Yanga mpaka asahau. Wanawake wapime faraghani, na kama mpimaji ni mwanaume, muulize mama kwanza kama angependa apimwe na mwingine au ajizungushie futi mwenyewe wewe ukisoma.

Kisha linganisha kiuno na urefu wake. Kiuno kisifike nusu ya urefu. Tangu mwaka 2022 taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, NICE, inawashauri watu wazima wenye BMI chini ya 35 watumie kipimo hiki pamoja na BMI: 0.5 hadi 0.59 hatari imeongezeka, 0.6 na zaidi hatari kubwa. Uzuri wake ni kwamba kinatumika kwa mwanaume na mwanamke, na kwa asili zote, bila kubadilisha mpaka.

Asiye na futi achukue kamba. Kata kamba yenye urefu wako toka unyayo hadi utosi, ikunje katikati, zungusha kiunoni. Ncha zikikutana na kupishana, vizuri. Zisipokutana, una la kuzungumza na muuguzi.

Warudie watu wangu. Kuli wa Kibirizi: kiuno 82, nusu ya urefu wake ni 86. BMI yake ya 27 ilikuwa mabega na mapaja ya kubeba magunia. Mwenye duka: kiuno 93, nusu ya urefu wake ni 85. Shati lake lilikuwa limechomekwa vizuri na mikono yake ni myembamba, ndiyo maana macho yangu hayakuona kitu. Mama wa Mwanga: kiuno 86, nusu ni 78.

Hatua ya 5: Chagua mpaka unaomfaa mtu aliye mbele yako

Shirika la Afya Duniani linabaki na 25 na 30 kama mipaka ya dunia nzima. Lakini mwaka 2004 wataalamu wake walikubali kwamba kwa watu wa Asia pawekwe vituo vya kuchukua hatua mapema: 23 na 27.5. Nchi zenyewe zimejiamulia. Japani unene huanza 25. China hutumia 24 na 28. Kuna hata waliowahi kupandisha: New Zealand kwa miaka kadhaa ilitumia 26 na 32 kwa Wamaori na watu wa visiwa vya Pasifiki, kwa sababu kwa BMI ileile miili yao huwa na nyama zaidi na mafuta kidogo kuliko ya Wazungu. Baadaye wakaiacha, maana kuwa na nyama nyingi hakukuwazuia kupata kisukari.

Na sisi je? Bara letu halina mpaka wake rasmi wa BMI, tunatumia ule wa dunia. Vipande vilivyopo ni hivi. Wanawake wenye asili ya Afrika, kwa BMI ileile na ya Mzungu, mara nyingi huweka mafuta zaidi chini ya ngozi, nyongani na mapajani, na kidogo ndani ya tumbo. Ukisikia hivyo utadhani tuko salama zaidi. Lakini utafiti mkubwa uliofanywa England na kuchapishwa mwaka 2021 uliuliza swali la moja kwa moja: hatari ya kisukari anayokuwa nayo Mzungu akifika BMI 30, wengine wanaifikia wapi? Jibu: watu wa asili ya Asia Kusini 23.9, Waarabu 26.6, Wachina 26.9, watu weusi 28.1. Ndiyo maana NICE kwa watu wenye asili ya Asia, Mashariki ya Kati na Afrika hutumia 23 na 27.5. Kumbuka tu kwamba weusi hao wanaishi England, wanakula na kutembea kama watu wa kule. Mkulima wa Buhigwe anayepanda na kushuka milima na jembe begani hakuwamo.

Kwa kiuno tumekaa kwa mkopo zaidi. Shirikisho la kimataifa la kisukari lilisema mwaka 2006 kwamba Waafrika wa kusini mwa Sahara watumie mipaka ya Wazungu, 94 kwa mwanaume na 80 kwa mwanamke, hadi takwimu zao zipatikane. Watafiti walipokuja kukusanya vipimo vya Waafrika wenyewe walikuta kiuno kinachoashiria hatari kiko karibu 81 kwa wanawake na wanaume pia. Kwa mwanamke karibu hakuna jipya. Kwa mwanaume tofauti ni sentimita 13, yaani kitambi kizima. Wanaume wangapi tumewaambia "bado hujafika 94, endelea tu"?

Hivi ndivyo ninavyofanya mezani kwangu. Kwenye kitabu cha MTUHA, kile cha takwimu za kituo, naandika kwa mipaka ya kawaida, 18.5, 25 na 30. Usiibadilishe kwa hiari yako, maana takwimu za mkoa zitavurugika na hakuna atakayejua namba zako zimetoka wapi. Mpaka ninaousogeza ni wa kuuliza na kupima zaidi. Mwenye wazazi au babu kutoka India, Pakistani, Yemeni au Omani, nikiona 23 naanza kuuliza. Wengine wote, 25. Na yeyote, awe na BMI yoyote, kiuno kikifika nusu ya urefu, nampima presha na sukari siku hiyohiyo.

Sasa njoo Ujiji uone kwa nini sheria hiyo ya kuangalia asili ya mtu haitoshi. Mtu anaitwa jina la Kiarabu, sura ya Kimanyema, bibi mzaa mama Muha wa Kasulu, na babu wa upande wa pili alikuja na msafara kutoka Tabora hata haijulikani kabila lake. Utamweka safu ipi? Jina halikuambii, na rangi ya ngozi ndiyo kabisa. Nimeacha kuuliza kabila, swali lenyewe linamfanya mtu akunje uso. Nauliza: "Kwenu nani ana sukari? Nani alipooza au kufa kwa presha?" Baba, mama, kaka au dada mwenye kisukari ananiambia mengi kuliko ramani ya ukoo. Kisha kiuno kinaamua.

Vipimo vyenyewe: presha ya 140 kwa 90 na kuendelea, rudia siku nyingine kabla ya kumpa mtu jina la ugonjwa. Sukari ya asubuhi kabla ya kula (kwa mmol/L), 7.0 na zaidi ni kisukari ikithibitishwa tena, 6.1 hadi 6.9 ni mlangoni.

Hatua ya 6: Mwembamba mwenye miguu mirefu

Mpaka wa chini nao hukosea, tena kwa watu tofauti. Mguu ni mwepesi kuliko kiwiliwili kwa urefu uleule. Kwa hiyo jamii za watu wenye miguu mirefu na kiwiliwili kifupi hupata BMI ndogo hata wakiwa na afya. Wataalamu waliliona hili kwa wenyeji wa Australia, na katika kazi za dharura za njaa huko Sudan.

Mkalishe mtu kwenye stuli, mgongo ukutani, pima toka sakafuni hadi utosini kisha toa urefu wa stuli. Mfugaji wangu: 88. Gawa kwa urefu wake: 88 ÷ 182 ni asilimia 48.4, wakati kigezo ni 52. Mtafiti Norgan mwaka 1994 alionyesha kwamba kwa wanaume kila asilimia moja inayopungua huendana na BMI kushuka kwa 0.78, kwa wanawake 1.19. Mfugaji amepungukiwa 3.6, zidisha kwa 0.78 upate 2.8, ongeza kwenye 17.5, inakuwa 20.3. Kijani.

Tahadhari: hesabu hiyo ilitoka kwenye wastani wa jamii, haikutengenezwa kwa mtu mmoja mmoja. Itumie kupata swali, si kumfukuza mtu kliniki. Nilichopaswa kumuuliza mzee yule kilikuwa rahisi: "Baba, nguo zimekulegea?" Angenionyesha mkanda wake, tundu lilelile la miaka yote. Lakini angekuwa ametoka kilo 62 hadi 58 ndani ya miezi mitatu bila kukusudia, hiyo ni zaidi ya asilimia 6, na hata BMI yake ingekuwa 22 ningemtafutia kifua kikuu, VVU na sukari. Uzito unaoporomoka haungoji mpaka wa mtu.

Hatua ya 7: Kumwambia

Huku kwetu "umenenepa" ni sifa. Maana yake umetunzwa, nyumba ina amani. Na ukikonda, majirani wana jina la ugonjwa tayari hawajakuuliza. Ukimtupia mtu neno "kiribatumbo", yaani unene uliopitiliza, mlangoni, umempoteza. Na mwanamke mwenye nyonga pana na kiuno kilicho chini ya nusu ya urefu wake, presha na sukari vikiwa sawa, mwache na nyonga zake. Hana ugonjwa hapo.

Mama wa Mwanga nilimwambia, "Mama, mwili wako sina ugomvi nao. Tumbo hili ndilo nataka tulizungumze." Sukari yake ilikuwa 6.3. Tukahesabu mawese: kijiko kikubwa kimoja kina karibu kalori 120, na yeye alikuwa akimiminia sufuria moja kwa moja kutoka kwenye chupa. Hatukuyakataza, mchuzi wa mgebuka bila mawese nani ataula? Tukakubaliana apime kwa kijiko, ugali wa muhogo upungue ngumi moja usiku, na sokoni aende kwa miguu badala ya bodaboda. Lengo la kwanza kilo tatu, yaani karibu asilimia 5 ya uzito wake.

Andika kwenye daftari lake tarehe, uzito, urefu, kiuno, presha na sukari. Urefu wa mtu mzima usipime upya kila mara, makosa yako yataonekana kama mabadiliko. Kiuno pima kila baada ya miezi mitatu, asubuhi, mahali palepale.

Nilimkatia na kamba ya sentimita 156 aende nayo. Aliporudi aliniambia ameitundika nyuma ya mlango wa chumbani, na wa kwanza kuijaribu alikuwa mumewe, aliyedhani ni ya kuanikia nguo. Nikamwambia kamba ile haimfai baba, kila mtu hukatiwa ya urefu wake. Akaniambia baba ana sentimita 170, nimkatie yake, anakuja Jumatatu.